Sanduku la Chai na Fidla Moja: Tulivyoanza Kupiga Kidumbak Ng'ambo

Siku hizi kidumbak, muziki wetu wa harusi hapa Unguja, hupanda jukwaani Ngome Kongwe mbele ya wageni na kamera, na mtangazaji hukitambulisha kwa heshima zote. Nafurahi kuona hivyo. Lakini vijana wanastahili kujua kilivyokuwa kabla ya majukwaa, mwishoni mwa miaka ya 1970, sisi tulipokuwa tukikipiga ua kwa ua huku Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, bila umeme wala kipaza sauti, na watu wazima wakikiita ngoma ya wahuni. Nilikuwamo katika kikundi kidogo cha mtaani kwetu Mwembetanga tangu kilipoanza. Wenzangu wengi wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo yaliyobaki kusemwa naona yananihusu mimi.

Unguja wakati ule ilikuwa na taarab yake kubwa. Ikhwani Safaa ilikuwapo tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Hao walikuwa na ganuni, udi, nai, akodiani na safu nzima ya fidla, wakipiga huku watu wamekaa vitini wametulia. Sisi vijana wa Ng'ambo tulizipenda nyimbo zile kupita kiasi. Jioni tulisimama nje ya madirisha ya klabu kule Vuga kusikiliza mazoezi, na usiku tukazisikia tena kwenye redio ya jirani. Tatizo likawa moja tu: nani angetununulia ganuni? Baba zetu walikuwa wapagazi wa bandarini, wavuvi na mafundi seremala. Basi tukazipiga nyimbo zilezile kwa vyombo tulivyoweza kuvipata, kama walivyofanya wazee wa Ng'ambo kabla yetu.

Mimi nilipewa sanduku. Lilikuwa sanduku la chai hasa, la mbao nyembamba, kingo zake zimefungwa bati, na ndani likinukia majani makavu miezi mingi baada ya chai kwisha. Ulikuwa ukiligeuza kifudifudi, unatoboa tundu katikati ya kitako chake, unapitisha mshipi wa kuvulia samaki na kuufunga kijiti kwa ndani usichomoke. Ncha ya pili unaifunga kwenye fimbo, na fimbo unaisimamisha ukingoni mwa sanduku. Mguu mmoja unakanyaga juu lisiyumbe. Ukiivuta fimbo nyuma, mshipi unakaza na sauti inapanda. Ukiirudisha, mshipi unalegea na sauti inashuka. Hakuna alama ya kukuonyesha sauti ipi iko wapi. Ni sikio lako na mkono wako. Vidole vyangu vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena, mpaka vikafanya sugu.

Vidumbak, yaani ngoma ndogo, vilikuwa viwili, vya udongo, vimewambwa ngozi, kimoja cha sauti ya juu na kingine kizito. Kabla ya kuanza tuliwasha karatasi na makumbi ya nazi tukavipasha moto, na mpigaji wetu akawa anavigonga kwa ncha za vidole, akisikiliza, akivirudisha motoni, mpaka aridhike. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwingine alishika cherewa, vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, na mwingine mkwasa, vijiti viwili vya kugonganisha. Juu ya hivyo vyote ilikaa fidla moja, na ndiyo iliyobeba wimbo.

Mwenye fidla alikuwa mzee mmoja mvuvi, mtu wa maneno machache. Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu. Mchele na sukari tulivipanga foleni, sembuse nyuzi za fidla. Uzi ulipokatika, mzee alichukua waya wa breki ya baiskeli, akausokotoa, akatoa uzi mmoja mwembamba, akaufunga fidlani, na usiku uleule akapiga. Sauti ilikuwa kali kidogo, yenye mkwaruzo, lakini kwenye ua uliojaa watu, bila kipaza sauti, ukali ule ndio ulioifikisha fidla hadi barabarani.

Naye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Hakutuandikia noti hata moja. Siku moja, nikiwa nimezubaa nikimtazama yeye anavyovuta uta, alisimamisha wimbo akaniambia, "Mwanangu, usinitazame mie. Tazama miguu ya wanawake. Wao ndio wanaokwambia kama umekwenda sawa." Nimepiga miaka mingi baada ya hapo na sijasikia somo linalolizidi hilo. Taarab ya klabu ilikuwa ya kusikilizwa. Kidumbak kilikuwa cha kuchezwa. Wachezaji wakipoa, wewe ndiye uliyepotea, hata kama kila sauti umeipiga mahali pake.

Harusi yetu ya mwanzo ilikuwa Kikwajuni. Walituwekea mkeka pembeni ya ua, karabai ikatundikwa kwenye mwembe, na wanawake wakatuzunguka duara, kanga zimefungwa viunoni. Tulianza na wimbo wa taarab uliokuwa ukivuma redioni, taratibu, kama adabu inavyotaka. Ubeti wa mwisho ulipokwisha hatukusimama. Vidumbak vilichangamka, fidla ikadaka mahadhi ya ngoma, mwimbaji akaunganisha wimbo wa pili, wa tatu, wa nne, na saa nzima ikapita bila mtu kupumzika. Mwimbaji wetu, dada wa mtaa wa pili, alikuwa na kipaji cha kutunga palepale. Usiku ule aliingiza beti za mwenye duka anayeficha sukari chini ya meza akawauzia wateule wake. Jina hakulitaja, na hakuna aliyehitaji kutajiwa. Ua mzima uliitikia. Akina mama wakaja kutuza, noti na sarafu zikaanguka mkekani, na bibi harusi akasikika akicheka kutoka chumbani.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini baadhi ya wakubwa hawakutupenda. Kidumbak kilisema wazi kile ambacho taarab ilikifumba, na kiliwapa wanawake wa kawaida nafasi ya kucheza na kusema bila kuomba ruhusa. Uhuni haukuwamo. Kilichokuwamo ni ujasiri.

Tena kidumbak kilikuwa skuli. Anayeweza kuunganisha nyimbo kwa saa nzima bila kupoteza mwendo hashindwi na chombo chochote baadaye. Makame Faki, yule tuliyemjua kwa jina la Sauti ya Zege, aliimba na Culture Musical Club na pia akaongoza Sina Chuki Kidumbak, na wala hakuona aibu upande wowote. Wako wengi walioanza kwenye sanduku na cherewa, wakaishia kwenye safu za mbele za taarab.

Miaka ya 1990 vinanda vya umeme na spika kubwa viliingia harusini. Mtu mmoja na kinanda chake akawa anafanya kazi ya watu sita. Mialiko yetu ikapungua, mzee wa fidla akafariki, na kikundi chetu kikafa bila tangazo. Hatukuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kufa kwa kikundi chenyewe, kwa sababu mkono wa mzee yule hauwezi kusikika tena popote.

Nashukuru kuna wanaofundisha. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa hapa mjini 2002, kimewapa vijana fidla na vidumbak mikononi, na baadhi yao wanapiga vizuri kutupita sisi. Lakini kidumbak hakitaishi kwa darasa na jukwaa peke yake, kwa kuwa mwalimu wake mkuu ni miguu ya wachezaji uani. Basi wewe unayeoza binti yako mwaka huu, kabla hujakodi spika, uliza mtaani kwako nani bado anapiga sanduku. Mwite, mtandikie mkeka, mpe haki yake. Na simu uliyonayo mfukoni itoe umrekodi, angali hai.