Risasi Isiyo na Shingo

Nilifika Ohio nikiwa nimeshatembea miaka tisa na bunduki begani. Nyumbani nilikuwa askari wa wanyamapori upande wa Rungwa, kazi yetu kubwa ikiwa kuwaondoa tembo kwenye mashamba ya mahindi na kufuata nyayo za majangili. Tulibeba .375, na .458 kwa kazi nzito. Mzee aliyenifundisha kulenga hakuwa na habari na karatasi ya shabaha. Alisimama ubavuni kwangu akinitazama jicho. "Umefumba," aliniambia, "na bunduki haijalia bado." Nilidhani ni ukali wa wazee.

Bahati nasibu ya viza ndiyo iliyonitoa. Nikaanza upya kwa kupakua maboksi katika duka la vifaa vya uwindaji, kusini mwa Columbus, hadi siku mwenye duka aliposikia nilikotoka akanihamishia kaunta ya risasi. Hapo nilikaa miaka kumi na minane. Wateja walifurahi kuhudumiwa na mtu wa Afrika Mashariki. Wengi waliniuliza kuhusu Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester ya mwaka 1895, kaliba .405, aliyoipenda mno kwa simba. Ile nayo, kama nyingi nilizouza, ni bunduki ya wenzo: unaikoki kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Niliwaeleza ninachokijua, kisha tukarudi kwenye kulungu wao.

Nasema kulungu kwa kukosa neno jingine. Kulungu wa kwetu ni mnyama wa vichakani mwenye madoa, na huyu wa Ohio ana mkia mweupe anaoupeperusha akikimbia. Hukaa kwenye vilima vya misitu vya upande wa Athens na Vinton, mahali ambapo kumwona mnyama yadi 80 mbali ni jambo la kushukuru. Kwa msitu wa namna ile bunduki fupi ya wenzo haina mpinzani: nyembamba, nyepesi, haikwami kwenye matawi.

Ila ina masharti yake. Risasi zake kwa kawaida hulala ndani ya bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikielekea kitako cha nyingine, palepale ilipo fataki. Kwa hiyo kichwa cha risasi huwa bapa. Kikichongoka, mshtuko wa bunduki unaweza kukigongesha kwenye fataki ya mwenzake na risasi zikalipuka bombani, chini ya mkono wa mwindaji. Baadaye zilikuja zenye ncha ya plastiki laini, nazo ni salama, lakini kila mwaka niliwakuta watu wazima wanaotaka kutia zilizochongoka kwa sababu ziliruka vizuri kwenye bunduki nyingine. Hao sikuwaachia waondoke hadi wameelewa.

Ukiniuliza risasi iliyozaliwa kwa ajili ya bunduki hii, nitakujibu .30-30, bila kusita. Ilitoka 1895 kwa bunduki ya Winchester ya 1894 iliyobuniwa na John Browning, na hadi leo gramu zake 11 zinamtosha kulungu yeyote katika yadi 150. Tatizo ni shingo. Ganda la .30-30 limebanwa mbele kama chupa, na sheria ya Ohio hairuhusu ganda lenye shingo kwa kulungu. Kwa miaka mingi wiki ya kuwinda kulungu kwa bunduki ilikuwa ya shotigani. Mwaka 2014 ndipo jimbo liliporuhusu raifo, lakini za ganda lililonyooka tu, na risasi zisizidi tatu ndani ya bunduki.

Wiki zile kaunta yangu ilijaa kama stendi ya mabasi. Watu walikuja na majina matatu mdomoni: .357 Magnum, .44 Magnum na .45-70. Mbili za kwanza ni risasi za bastola zinazopata uhai mpya kwenye mtutu mrefu. Ya tatu ni ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873: kaliba .45, na 70 ni uzito wa baruti nyeusi kwa kipimo cha greini. Mimi nilikuwa mtu wa .375. Nilizoea kuamini kwamba mnyama huangushwa na uzito, na aliyetaka ushauri nilimpa .45-70.

Baba mmoja alimnunulia mwanawe wa miaka kumi na mitano bunduki ya .45-70 yenye mtutu wa inchi 18 na nusu. Mimi ndiye niliyemchagulia, na mimi ndiye niliyemwekea boksi la risasi za gramu 26. Mtoto alikuwa mwembamba. Niliona, nikanyamaza.

Jumatatu ya kwanza ya msimu, jioni, baba yule alinipigia simu. Mtoto amempiga kulungu yadi 60, kulungu amekimbia, giza linaingia. Alijua mimi ni mtu wa nyayo. Tuliacha bunduki garini tukaingia msituni na tochi. Damu ya kwanza niliyoiona ilikuwa nyeusi, imechanganyika na majani yaliyotafunwa, na hapo moyo ukashuka: tumboni. Nilifuata tone kwa tone, nikipiga magoti, nikiweka vipande vya karatasi kwenye vichaka ili tusipoteze mstari. Saa nane usiku alama zikaishia kwenye kijito. Nilikikagua kingo zote mbili, juu na chini, hadi kulipokucha. Sikupata kitu. Mtoto alikaa juu ya gogo, akaniambia polepole, "Nilifumba macho. Ile bunduki inaniumiza."

Nilimsikia mzee wa Rungwa kana kwamba yuko nyuma yangu. Mnyama yule alikufa siku nzima, pengine mbili, kwa sababu ya mapenzi yangu kwa uzito. Sijawahi kulisema hili kwa wepesi.

Tangu hapo nilibadili namna ya kuuza. Mteja mpya, hasa mwenye bega dogo, nilimpeleka kwenye uwanja wa shabaha wa jirani. Nilimjazia bunduki mwenyewe, amegeuka, nikichanganya risasi hai na risasi bubu zisizo na baruti. Asiyejua ipi inafuata hujifichua. Risasi bubu ikifika chemba, nyundo hugonga kavu, na kama mtu anaogopa teke utaona mdomo wa mtutu ukiinama. Ukiinama vidole viwili hapa, ni shubiri kadhaa kule aliko mnyama. Hakuna kitabu cha kasi na uzito kinachokupa habari hiyo.

Mwaka 2017 alikuja mama mmoja wa Uvira, mfanyakazi wa ghala, uraia ameshapata na mafunzo ya uwindaji ameshafaulu. Alitaka nyama kwa watoto wake wanne. Shemeji yake alimtuma .45-70.

"Iko na nguvu, ndugu," akaniambia.

"Ni kweli, dada. Njoo kwanza tupige."

.45-70 sikuitoa kabisa. Kwa .44 alijitahidi sana, lakini mara tatu mtutu uliinama. Nikampa .357, kwanza nikiijaza .38 Special, risasi fupi na pole ambayo raifo nyingi za .357 huipiga, na ni nafuu kwa mazoezi. Alipiga boksi zima. Ndipo nikaweka .357 yenyewe, gramu 10. Kwenye mtutu wa bastola hutoka kwa mita 375 kwa sekunde au karibu na hapo, na kwenye raifo hufika 550. Katikati nikaficha bubu. Nyundo iligonga kavu. Mtutu haukutikisika.

Nilimwambia wazi bei ya upole ule: yadi 80, basi, na nyuma ya bega tu. Aliniomba nimwonyeshe yadi 80 ni kiasi gani. Tukazihesabu kwa miguu, akaenda, akarudi, akaenda tena.

Wiki ya bunduki alinipigia saa nne asubuhi. Nilipofika, jike lake lilikuwa limelala hatua thelathini kutoka pale lilipopigiwa, tundu dogo nyuma ya bega. Tulipokuwa tunapasua, alinionyesha kwa kisu upande wa pili wa bonde.

"Kabla ya huyu lilisimama dume pale, pembe hivi," akapanua mikono. "Muda mrefu, ndugu. Lilinitazama."

Nilipima kwa macho. Yadi 130, au zaidi kidogo.

"Ile ilikuwa mbali," alisema. "Nikaliacha liende."

Akarudi kwenye ini, akalitoa zima, akaliweka kwenye sufuria aliyokuja nayo.