Kimya Kimebadilika Maana

Mimi ni mwandishi wa riwaya ambayo haijaisha. Nimemaliza kidato cha nne, cheti changu si cha kutundika ukutani, na mkate wangu naupata juu ya mapaa ya watu hapa Tanga. Nafunga antena na kuvuta kebo kwa bwana mmoja mwenye biashara ndogo ya kusambaza intaneti. Usiku naandika. Wenzangu hunicheka: "Wee, ruta na riwaya wapi na wapi?" Nilikuwa sina jibu la maana mpaka mwaka 2023, tulipohama kutoka toleo la 6 kwenda toleo la 7.

Kwa asiyejua, ruta ni kisanduku kinachoamua kila kipande cha habari kipite njia gani. Ndani yake mna mfumo unaokiendesha, kama simu yako ilivyo na wake. Sisi tunatumia ruta za MikroTik, kampuni ya mjini Riga, nchini Latvia, na mfumo wake huitwa RouterOS. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2013. Toleo la 7 lililotangazwa kuwa tayari kwa kazi, yaani 7.1, likatoka Desemba 2021. Hapo katikati ni miaka minane. Mtoto aliyezaliwa na toleo la 6 alikuwa tayari yuko shule.

Fundi wetu mkuu, ambaye sote twamwita Mzee, alilijua toleo la 6 kama mwalimu wa madrasa anavyoijua Juzuu Amma. Ungemwamsha saa nane za usiku ukamuuliza amri fulani iko wapi, angekujibu kabla hajafunga kikoi. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kuungua mikono.

Basi mwenye biashara akanunua ruta mpya, za aina isiyokubali kabisa toleo la 6. Akasema zote zihamishwe, tuwe na lugha moja. Halafu akaongeza, mbele yangu mimi kijana mdogo, kwamba Mzee akishindwa, yuko kijana Dar mwenye digrii anayetafuta kazi. Mzee hakujibu. Alichukua kofia yake juu ya kabati akatoka.

Mimi nikanunua kauntabuku. Nikaanza kuandika kwa Kiswahili yale mabadiliko yaliyoelezwa kwa Kiingereza na watengenezaji. Kiingereza cha Mzee ni cha amri, si cha maelezo. Amri anazisoma upesi kuliko mimi, lakini ukimpa ukurasa mzima wa maneno anaona kama anatukanwa.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya mahali. Fikiria Ngamiani yetu, ambako barabara zina namba. Mtu akikwambia barabara ya nane, miguu yenyewe inakwenda. Sasa amka asubuhi ukute barabara zimepewa namba upya, na nyumba ni zilezile. Ndivyo ilivyokuwa. Kanuni za njia zilizokuwa chini ya "ip route rule" zimehamia "routing rule". Jirani wa BGP aliyeitwa "peer" sasa anaitwa "connection". OSPF iliyokuwa na vyumba viwili, kimoja cha toleo lake la pili na kingine cha tatu, sasa wanalala chumba kimoja. Mzee akasema, "Haya si kitu. Nitayazoea." Na kweli, wiki moja ilitosha.

Ya pili yalikuwa ya majina. Sisi tuna njia mbili za kutokea nje ya mji, moja ya haraka na moja ya akiba, na tunaamua nani apite wapi kwa kumwekea alama. Katika toleo la 6, ukishaitaja alama katika njia, jedwali lake linajitokeza lenyewe. Kutaja kulitosha. Toleo la 7 halikubali hivyo. Jedwali lazima kwanza uliandikishe kwa jina lake, na uongeze neno "fib" kuonyesha kwamba ni la kupitishia habari kweli. Bila hivyo, alama yako haina pa kwenda. Mzee akacheka kwa uchungu: "Kumbe nayo inataka cheti cha kuzaliwa!" Nami nikacheka, maana twajua sote wawili cheti kinavyomsumbua mtu anayeijua kazi.

Lakini ya tatu, bwana, ndiyo iliyotunyima usingizi.

Ruta hupashana habari za njia, na katikati huwekwa vichujio: hii pokea, hii kataa. Katika toleo la 6 kichujio kilikuwa kama fomu ya kujaza. Katika toleo la 7 ni sentensi: ikiwa njia ni hii, basi kataa, ikiwa ni ile, basi kubali. Hilo lilinifurahisha kama mtu wa maneno. Taabu ipo mwishoni. Njia ikifika mwisho wa kichujio bila kutajwa popote, toleo la 6 lilikuwa likiipitisha. Toleo la 7 linaikataa. Yaani kimya kilikuwa ndiyo, sasa kimekuwa hapana.

Tulijaribu mezani, kwa ruta mbili za zamani, chini ya feni. Tukaziandikia vichujio kwa mkono: kataa hii, kataa ile, nyingine tukaziacha kama zamani. Upande wa pili hazikufika hata moja. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe wa kosa. Ruta ilifanya kama ilivyoambiwa, ila sasa ilikisoma kimya chetu kwa namna nyingine.

Mzee alikaa muda mrefu akiangalia ile skrini. Kisha akasema, "Kwetu binti akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, wazee husema amekubali. Huyu wa siku hizi akinyamaza, amekataa." Halafu akaniambia, "Andika."

Akaanza kunitajia. Kichujio cha ruta ya kule mlimani hakisemi lolote kuhusu zahanati, kwa sababu siku ile ilikuwa mvua na zahanati ingepita tu. Cha ruta ya stendi hakiwataji mawakala wa pesa, kwa sababu walikuja baadaye na hapakuwa na haja. Hiki kimeachwa makusudi. Kile kiliachwa kwa haraka. Niliandika kurasa kumi na moja. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mwenye biashara hakuliona: kijana wa Dar angeweza kuzijua amri zote za toleo la 7, lakini nani angemwambia Mzee alinyamaza kwa nini? Yale yaliyoandikwa yalikuwa ndani ya ruta. Yasiyoandikwa yalikuwa ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa karibu kuambiwa aende nyumbani.

Kazi yenyewe tuliifanya usiku wa Jumapili, ruta moja moja, zahanati ya mwisho. Kila mahali tulitoa kwanza mipangilio yote kama maandishi, tukaihifadhi kwenye laptopu. Kisha tukapandisha mfumo, tukawasha upya, tukapandisha na ile programu ndogo ya kuwashia ruta, ambayo hupandishwa peke yake, tukawasha tena. Mwisho tukasoma mstari kwa mstari, daftari mkononi. Kila palipokuwa na kimya cha ndiyo, tuliandika ndiyo. Alfajiri inaadhiniwa, zahanati ilikuwa hewani. Mwenye biashara alituletea chai na chapati, akasema kesho tuje saa nne. Habari za kijana wa Dar hakuzitaja, na Mzee hakumuuliza. Yupo kazini hadi leo, na lile daftari amelifunga kwa nailoni.

Ndiyo maana siku hizi wakiniuliza ruta na riwaya wapi na wapi, ninalo la kusema. Katika riwaya yangu yumo binti anayetangaziwa posa mbele ya wajomba zake, na katika hadithi nyingi za zamani mtu kama huyo huinamisha kichwa, ukurasa ukafunguliwa. Wangu nimempa sentensi moja. Ni fupi, lakini kaisema mwenyewe.

Na wewe msomaji, ikiwa ofisini kwenu au nyumbani kwenu kunaletwa jambo jipya, la mtambo au la watu, usianze na kuuliza nani hawezi kulisoma. Mkalishe yule aliyekuwepo siku nyingi, mpe kikombe cha chai, umuulize ni mambo gani aliyaacha bila kuyasema kwa sababu kila mtu aliyajua. Uwe na kalamu.