Pikapu ya Umeme Yenye Jenereta Tumboni

Akina mama wenzetu, habari za magari wengi wetu tumewaachia akina baba, nasi huitwa siku ya kutia sahihi mkopo. Lakini mkopo ukishatiwa sahihi hulipwa na nyumba nzima, pamoja na ada ya shule na fungu la kumi. Kwa hiyo mwaka 2025, baba watoto alipoanza kusema kwamba pikapu yetu imechoka na kwamba zinakuja pikapu za umeme zenye jenereta ndani yake, tuliona ni heri tukae wote wawili tukielewe kitu chenyewe kabla ya kuzungumza bei.

Tunaishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Kiangazi tunakata majani kwenye nyua za watu, na wakati wa baridi tunaondoa theluji. Pikapu na trela lake ndilo jembe letu.

Tuanze na jinsi linavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Katika gari la kawaida injini ya petroli huzungusha magurudumu kupitia giaboksi. Katika gari la umeme hakuna injini hiyo. Betri hulisha mota, na mota ndiyo huzungusha magurudumu. Pikapu hii ya tatu magurudumu yake huzungushwa na mota za umeme tu, siku zote. Injini ya petroli imo, ila haikuunganishwa na magurudumu. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, na jenereta hupeleka umeme kwenye betri na mota. Ni kama kanisani umeme unapokatika katikati ya ibada, mzee wa zamu akatoka nje kuwasha jenereta. Taa ni zile zile na spika za kwaya ni zile zile. Umeme tu ndio unatoka mahali pengine.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mnamo mwaka 1900, Ferdinand Porsche alitengeneza kule Vienna gari lenye mota za umeme kwenye magurudumu, na injini za petroli za kuzalisha umeme huo. Msomaji aliyepanda treni ya Mombasa kwenda Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, naye amevutwa kwa njia hiyo: dizeli huzungusha jenereta kubwa, na mota za umeme huzungusha magurudumu ya kichwa cha treni. Huko Uchina, kampuni ya Li Auto imekuwa ikiuza magari ya familia ya namna hii tangu mwaka 2019.

Sasa zamu imefika kwa pikapu za Marekani. Novemba 2023 kampuni ya Ram ilitangaza pikapu iliyoitwa Ramcharger. Betri yake ni ya kilowati-saa 92, yaani uniti 92 kwa hesabu ya LUKU kule nyumbani Tanzania. Walikadiria kwamba ikijaa itakwenda kama km 233 bila kuchoma tone la petroli. Kisha injini yenye silinda sita inaamka, na kwa tangi la lita zipatazo 102 safari yote inafika km 1,110. Oktoba 2024 kampuni ya Scout ikaonyesha pikapu yake, Terra, na mnunuzi akapewa nafasi ya kuchagua: betri peke yake kwa km 560 hivi, au betri na jenereta kwa km 800 hivi. Zaidi ya asilimia 80 ya waliojiandikisha walitaka yenye jenereta. Desemba 2025 Ford nayo ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza pikapu yake ya betri tupu, F-150 Lightning, na kwamba itakayofuata itakuwa na jenereta.

Kwa nini watu wa pikapu wanaitaka jenereta hiyo? Sababu ya kwanza ni trela. Magazeti ya magari yalipozipima pikapu za betri zikivuta trela zito, mara nyingi karibu nusu ya safari ilipotea. Na ukifika kituo cha kuchajia ukiwa na trela, vingi vimejengwa kwa gari dogo linaloingia kwa pua, hivyo unalazimika kulifungua trela uliache pembeni. Jaribu kufanya hivyo usiku na watoto wamelala kiti cha nyuma.

Sababu ya pili ni baridi. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri huku hita ikiwa imewashwa. Kwa wastani asilimia 41 ya safari ilitoweka. Kwetu Januari nyuzi 7 chini ya sifuri ni siku ya kushukuru.

Baada ya kuelewa hayo tukaleta karatasi mezani, tukaandika safari zetu wenyewe. Siku ya kazi tunazunguka km 60 au 70. Shule, duka na kanisa viko karibu. Safari ndefu ni moja, tena mara mbili kwa mwaka: tunavuta vyombo vya kwaya mpaka Des Moines, Iowa, km 390, kwenye mkutano wa makanisa yetu ya Kiswahili. Tukachukua zile km 233 za Ram tukazikata nusu kwa sababu ya trela, zikabaki kama km 115. Hiyo ina maana kwamba siku zetu nyingi tungeendesha kwa umeme wa nyumbani tu, na jenereta ingeamka njiani kwenda Iowa. Baba watoto alifurahi sana kuiona hesabu hiyo.

Lakini mwenye kufunga mlango wa nyumba usiku anajua jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya muuzaji. Hesabu hiyo inasimama endapo gari linachomekwa kila jioni. Nani atalichomeka? Baba anarudi mikono imekufa ganzi kwa theluji, mama anakimbilia zamu ya usiku. Lisipochomekwa, jenereta itawaka asubuhi kimya kimya na gari litatembea vizuri tu, nasi tutakuwa tumenunua pikapu ya petroli kwa bei ya juu, iliyobeba betri nzito bila faida. Jambo hili limekwisha kuonekana. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari ya kuchomeka ambayo pia yana injini ya mafuta, na barabarani yalikuwa yakitoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya ilivyoandikwa kwenye vyeti vyake. Wenyewe walikuwa hawayachomeki kama ilivyotarajiwa.

Kuna la mlima pia. Jenereta ya ile Ram ni ya kilowati 130, wakati mota zake zikikazana hutaka zaidi ya mara tatu ya hapo. Tofauti hutolewa na betri. Betri ikiwa imeisha huku unapanda na mzigo, nguvu hupungua. BMW iliwahi kuuza gari dogo, i3, lenye jenereta na tangi la lita 9 hivi, na madereva wa Marekani walilalamika kwamba lilipunguza mwendo milimani betri ilipokaribia kwisha. Pikapu hizi zina jenereta kubwa zaidi, hilo tunalikubali, lakini mvuta trela ni vizuri aulize. Aulize pia juu ya oili, filta na plagi, maana injini ingalipo nayo itadai matunzo yake.

Kilichotukalisha kimya ni fedha. Punguzo la kodi la serikali, dola 7,500 kwa gari jipya la umeme, lilikwisha tarehe 30 Septemba 2025. Scout walisema bei itaanzia chini ya dola 60,000, nasi tunajua maana ya neno "kuanzia". Tena Ramcharger iliahirishwa, na Septemba 2025 ikabadilishwa jina kuwa Ram 1500 REV. Tulipoketi Desemba 2025 hapakuwa na mteja hata mmoja wa Marekani aliyekwisha kukabidhiwa pikapu ya namna hii. Baba watoto alitaka angalau tujiandikishe Scout, dola 100 zinazorudishwa. Tulibishana siku mbili, tukaomba, tukabishana tena kidogo.

Mwisho tulikubaliana kutengeneza giaboksi ya pikapu yetu ya sasa na kutoweka jina popote mpaka gari liwepo la kupanda na kulijaribu na trela letu. Fundi umeme atakuja kutazama kama waya za gereji zinaweza kubeba soketi ya volti 240, maana bila hiyo mazungumzo yote ni bure. Na ndani ya pikapu tumeweka daftari la kuandika kilomita za kila siku. Baba watoto huandika bila kukumbushwa. Mpaka sasa kurasa tatu zimejaa, na siku iliyopita km 115 ni moja tu, ile ya Iowa.