Swali la Mapinduzi Katika Darasa la Saba

Katika mafunzo ya ualimu huwa tunasisitiza sana ufundi wa kuuliza maswali. Mwanachuo hufundishwa swali la kuanzisha somo, swali la kuchochea fikra na swali la kupima maarifa. Ni mara chache tunapozungumzia ufundi wa kulipokea swali, hasa lile ambalo halimo katika andalio la somo. Katika makala haya tunakusudia kueleza swali moja la namna hiyo, jinsi tulivyolikosea, na yale tuliyojifunza tulipolirudia.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 2015, tulikuwa katika shule moja ya msingi huko Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, tukisimamia mazoezi ya kufundisha. Tulikaa dawati la nyuma tukiwa na fomu ya tathmini mapajani. Mwanachuo alifundisha Historia, na mada yake ilikuwa Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Andalio lake lilikuwa safi na ramani yake ilichorwa kwa uangalifu. Aliandika ubaoni: "Mapinduzi ni kitendo cha kuiondoa serikali madarakani kwa nguvu." Wanafunzi wakanakili.

Ndipo mvulana mmoja, ambaye baba yake mdogo alikuwa utingo wa lori liendalo Bujumbura, akanyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "jana redio imesema rais wa Burundi ameondolewa na askari kwa sababu zamu yake imekwisha naye hataki kuondoka. Na hayo ni mapinduzi kama haya ya Zanzibar tunayoyaadhimisha, au ni makosa?"

Mwanachuo alitutazama. Nasi, bila kufikiri, tulitikisa kichwa kidogo kumkataza. "Hayo ni mambo ya siasa," akamwambia mtoto. "Kaa chini, tuendelee na somo." Mtoto akakaa. Katika fomu tuliandika kwamba mwalimu alilimudu darasa vizuri.

Maneno hayo yalitusumbua njia nzima tulipokuwa tukirudi. Mtoto hakuwa amefanya utovu wa nidhamu. Alikuwa amechukua fasili iliyoandikwa ubaoni na kuijaribu kwa tukio la jana yake, jambo ambalo vitabu vyetu vya mbinu huliita matumizi ya maarifa. Fasili haikustahimili jaribio hilo, nasi tukamnyamazisha aliyeligundua kosa. Tuseme wazi pia kwamba kosa kubwa lilikuwa letu, si la mwanachuo. Yeye alitazama nyuma kutafuta msaada, akakuta woga.

Yaliyokuwamo ndani ya swali

Kabla ya kulirudia swali tulilazimika kwanza kujielimisha wenyewe. Habari yenyewe inaanzia hapa hapa Arusha. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Burundi ulitiwa saini mjini Arusha, baada ya mazungumzo marefu yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere hadi kifo chake mwezi Oktoba 1999, kisha na Nelson Mandela. Mkataba huo uliweka kipindi cha urais kuwa miaka mitano, kinachoweza kurudiwa mara moja tu, na ukaeleza kwamba mtu yeyote asitawale zaidi ya vipindi viwili. Kwa nchi iliyokuwa imepoteza watu wengi katika vita, sharti hilo lilikuwa sehemu ya dawa yenyewe.

Pierre Nkurunziza alichaguliwa na Bunge mwaka 2005 na kwa kura za wananchi mwaka 2010. Mwaka 2014 jaribio la kubadili Katiba lilishindwa bungeni kwa upungufu wa kura moja. Hata hivyo, tarehe 25 Aprili 2015 chama chake kilimteua kugombea tena. Wafuasi wake walidai kwamba kipindi cha kwanza hakihesabiwi, kwa kuwa hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Wapinzani walijibu kwamba Mkataba umesema mtu yeyote, vipindi viwili, basi. Watu waliingia barabarani. Tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba ya Burundi iliamua kwamba anaruhusiwa kugombea, na makamu wa rais wa mahakama hiyo akaikimbia nchi.

Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika Mashariki uliohusu mgogoro huo huo, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba rais ameondolewa. Wakuu waliokuwa mkutanoni walililaani jaribio hilo. Kufikia tarehe 15 lilikuwa limeshindwa. Mwezi Julai uchaguzi ukafanyika na Nkurunziza akaendelea kutawala. Mwezi Mei maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakisubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Katika miezi iliyofuata, Warundi waliokimbilia nchi jirani walizidi laki mbili.

Neno moja, mizigo miwili

Ugumu wa kwanza wa kumjibu mtoto ulikuwa wa lugha. Neno mapinduzi linatokana na pindua, yaani kugeuza kitu juu chini. Katika nchi yetu neno hili lina heshima. Lipo katika jina la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, katika jina la chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, na katika sikukuu ya kila mwezi Januari. Lakini ni neno hilo hilo tunalolitumia askari wanapolizingira jengo la redio na kutangaza kwamba serikali haipo tena. Lugha nyingine zina maneno mawili hapo. Sisi tunalo moja, na tunapotaka kutofautisha husema mapinduzi ya kijeshi, au kupindua serikali. Mtoto aliyeuliza "ni mapinduzi au ni makosa?" alikuwa ameuona mzigo huo maradufu kabla yetu.

Ugumu wa pili ulikuwa wa fikra. Sisi wenyewe tulikuwa tumechanganya maswali mawili kuwa moja. Swali la kwanza ni: je, rais huyu alikuwa na haki ya kuendelea kukaa? Swali la pili ni: je, waliomwondoa walikuwa na haki ya kumwondoa kwa njia ile? Watu wengi hulijibu la pili kwa kutumia la kwanza. Anayemchukia rais husema hayakuwa mapinduzi bali ukombozi. Anayempenda husema yalikuwa mapinduzi, na papo hapo husahau kuuliza habari ya zamu iliyokwisha.

Mataifa ya Afrika yamekwisha kuyatenga mambo haya mawili. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa mwaka 2007, unataja katika kifungu cha 23 njia za kubadili serikali kinyume cha katiba. Mapinduzi ya kijeshi dhidi ya serikali iliyochaguliwa yamo. Lakini katika orodha hiyo hiyo umo pia ukataaji wa kuondoka baada ya kushindwa katika uchaguzi, na umo ubadilishaji wa katiba au sheria unaovunja misingi ya kupokezana madaraka kidemokrasia. Kwa hiyo kiongozi anayeipinda sheria ili abaki na askari anayemtoa kwa bunduki wanaweza kukutwa katika ukurasa mmoja wa makosa, wala kosa la mmoja halilioshi la mwingine.

Jibu letu, basi, ni hili: jina la kitendo hutokana na njia iliyotumika, na sababu hupimwa kando. Askari akitangaza kumwondoa rais pasipo bunge wala mahakama, hayo ni mapinduzi ya kijeshi, hata kama rais huyo alikuwa amevunja ahadi. Na rais aliyevunja ahadi hawi mtu wa haki kwa sababu tu ameponea mapinduzi.

Kulirudia swali darasani

Jumatano iliyofuata tuliomba kipindi katika darasa lile. Tulianza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba swali la mwenzao lilikuwa zuri na kwamba tulikosea kulikatiza. Darasa lilinyamaza kabisa, maana watoto hawajazoea kusikia hivyo.

Hatukuanzia Burundi. Tulianzia Kisongo. Tuliuliza: rika la morani likimaliza zamu yake, hufanyika nini? Mikono mingi ilinyanyuliwa. Walieleza kwamba rika hupanda kuwa wazee kwa sherehe, na vijana wapya huchukua nafasi. Walitaja Makaa, Landis na Korianga kwa kufuatana. Tukauliza: na rika likikataa kupanda? Msichana mmoja akajibu, "Wazee watakaa kikao." Na likiwakataa wazee? Mwingine akasema vijana watachukua kwa fimbo. "Wakichukua kwa fimbo," akauliza yule mvulana wa kwanza, "rika litakalofuata nalo si litachukua kwa fimbo?"

Hapo somo lilikuwa limekwisha kujifundisha lenyewe. Tuliandika ubaoni maswali manne: Je, zamu ilikuwa imekwisha kwa sheria? Nani alimwondoa? Kwa njia gani, na kwa idhini ya nani? Baada ya hapo madaraka yalikwenda kwa nani? Vikundi vilipewa matukio ya kupima kwa maswali hayo. Kimoja kilipewa Niger, ambako mwaka 2010 askari walimwondoa Mamadou Tandja aliyekuwa amejiongezea muda, na mwaka uliofuata uchaguzi ukawarudishia raia serikali. Kingine kilipewa Honduras, ambako mwaka 2009 Mahakama Kuu iliagiza Rais Manuel Zelaya akamatwe, lakini askari, badala ya kumfikisha mahakamani, wakamsafirisha kwa ndege hadi Costa Rica. Cha tatu kilipewa Tanzania: mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliyoweka ukomo wa vipindi viwili, na viongozi walioondoka Ikulu kwa kufuata ukomo huo, Mwinyi mwaka 1995 na Mkapa mwaka 2005.

Kikundi cha Honduras kilibishana sana, na hatukukiharakisha. Walikuwa wamegundua kwamba amri ya mahakama inaweza kuwa halali na utekelezaji wake usiwe halali. Wenye Niger waliridhika kwamba mambo yaliishia vizuri. Leo tungewaongezea kwamba mwaka 2023 askari wa Niger walimwondoa rais mwingine, safari hii mtu aliyekuwa ndani ya zamu yake. Swali la yule mvulana kuhusu fimbo lilikuwa na jibu hapo.

Hitimisho

Habari ya Burundi nayo haikuishia 2015. Asasi za kiraia zilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyopo hapa Arusha. Zilishindwa, zikakata rufani. Mwezi Novemba 2021 Idara ya Rufani iliamua kwamba uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Burundi wa mwaka 2015 ulikiuka Mkataba wa Jumuiya. Nkurunziza alikuwa amefariki dunia mwezi Juni 2020. Mwanachuo anaweza kuuliza: hukumu iliyokuja baada ya mtu kuzikwa ina faida gani? Haikumrudisha nyumbani hata mkimbizi mmoja. Lakini imeandikwa, na mwalimu wa kesho anayo mkononi, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo asubuhi ile.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kufundisha utakutana na swali la namna hii, na huenda mkaguzi atakuwa amekaa nyuma. Usijifanye hukulisikia. Kama hujui, mwambie mtoto kwamba utalitafuta, kisha ulitafute kweli. Kama wachelea siasa, kumbuka kwamba hutakiwi kumwambia mtoto ampende nani au amchukie nani. Unatakiwa kumsaidia atenganishe maswali yaliyofungwa pamoja.

Ile fomu ya tathmini tuliirudia pia. Tulifuta maneno "alilimudu darasa vizuri", tukaandika kwamba swali bora la siku hiyo lilitoka kwa mwanafunzi, na kwamba msimamizi ndiye aliyelizuia. Mwanachuo alipoisoma alitabasamu, akaomba ruhusa ya kuibadili fasili yake katika andalio la somo. Tulimruhusu.