Kambare Hashibi kwa Pumba

Katika nchi yetu ya Shinyanga hapana asiyemjua kambare. Malambo ya ng'ombe yakianza kukauka, yeye huonekana matopeni yu hai, maana amepewa kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Kwa ajili ya ugumu wake huo watu hudhani kwamba hahitaji matunzo. Sisi nasi tulidhani hivyo, na kosa letu twalieleza hapa ili wengine wasipate hasara tuliyoipata.

Tulichimba bwawa, tukatia vifaranga 500. Pumba za mahindi zilikuwa tele mashineni kwa bei ndogo, basi kila siku tukawamwagia ndoo moja. Miezi sita ilipotimia tukayatoa maji, na majirani wakaja na vikapu vyao. Tulikuta samaki 61 tu: wachache wanene, na wengine wenye vichwa vikubwa na miili myembamba kama fimbo. Tulitaka kuwashitaki wezi, lakini wezi hawakuwako. Samaki walikuwa wamelana.

Bwana Samaki wa wilaya alitufungua macho. Kambare kwa asili yake hula wadudu, konokono, vyura na samaki wadogo. Mwili wake hujengwa kwa protini, kile chakula kijengacho nyama. Kifaranga hutaka protini sehemu 40 au zaidi katika mia ya chakula chake. Akisha kukua, sehemu 35 hivi humtosha. Pumba za mahindi zina sehemu 10 tu. Basi sisi tulimjaza tumbo tukamnyima nyama, naye akaitafuta kwa nduguye aliye mdogo.

Hesabu yake si ngumu. Dagaa wa ziwani waliokauka vema wana sehemu 60 hivi. Ukisaga kilo moja ya dagaa na kilo moja ya pumba, wapata sehemu 35. Lakini hapa dhamiri ilituuma, kwa kuwa dagaa ndio kitoweo cha watoto wetu. Je, ni haki kumnyima mtoto ili kumlisha samaki? Kwa hiyo twanunua vichwa na dagaa waliovunjika, nao twawapepeta kwanza, maana mchanga una uzito wala hauna protini. Tena twachanganya na mashudu ya alizeti, yenye sehemu 30 hivi: dagaa kilo 40, mashudu kilo 30, pumba kilo 30. Jumla yapata sehemu 36, na dagaa kilo 10 zimebaki kwa ajili ya watu. Mashudu ya pamba ni mengi kwetu, lakini yana sumu iitwayo gosipoli. Yatiwe kidogo tu. Na yaliyoota ukungu yatupwe.

Kwa ndugu zetu wa Geita tuna neno moja zaidi. Msitamani kufuga katika mashimo ya dhahabu yaliyojaa maji, wala karibu na mahali dhahabu inapooshwa kwa zebaki. Kambare, kwa kuwa ala viumbe wengine, huikusanya sumu yao mwilini mwake. Haionekani, hainuki, wala haiondoki kwa kupikwa. Nayo humdhuru hasa mtoto aliye bado tumboni mwa mamaye.

Mara ya pili tulitia vifaranga 200 tu, kadiri ya chakula tulichoweza kununua. Tuliwalisha jioni, tukawatenga wakubwa na wadogo kila walipopitana. Tulivuna 148, nao wakalipa gharama na kutuachia kitoweo.

Mfano wa mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza twaujua sote. Basi, ndugu, kabla ya kushika jembe kuchimba bwawa, hesabuni kwanza dagaa. Nasi tuliokabidhiwa watoto tukumbuke kwamba tumbo lililojaa si alama ya kushiba. Anayekula ugali mtupu kila siku yu katika hali ya kambare wetu wa kwanza.