Sindano Thelathini Kibofuni

Mama mmoja wa hapa Ihanda, Karagwe, aliniuliza: "Sista, mpira tayari unaingia kibofuni mara nne au tano kwa siku. Kwa nini wasiimimine dawa humo humo? Wamchomee nini mwanangu?"

Mwanawe alianguka na pikipiki msimu wa kahawa, uti wa mgongo ukaumia. Tangu hapo kibofu chake hakisubiri amri ya ubongo. Kinajikunja chenyewe, mkojo unamtoka, na shinikizo likizidi figo huharibika taratibu. Mimi nilikuwa nahofia figo. Yeye alikuwa analilia shuka zilizolowa, na siwezi kumlaumu, ana miaka 23.

Kabla ya kurudi kwetu Karagwe nilifanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya rufaa, nikimsaidia daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Dawa aliyoiulizia mama, sumu ya botulinamu, hukaa kwenye friji. Tuliichanganya na maji ya chumvi polepole, bila kutikisa chupa, maana povu huiharibu. Daktari hupitisha kamera kwenye njia ya mkojo, kisha kwa sindano ndefu nyembamba huchoma ukuta wa kibofu mara 30, yuniti 200 zikigawanywa kote. Mimi nilihesabu kwa sauti huku jicho likiwa kwenye mashine ya presha. Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, kibofu kikijaa, presha inaweza kuruka ghafla hata kama hasikii maumivu yoyote.

Swali la mama huyo wataalamu nao wamelifanyia kazi miaka mingi. Kikwazo ni utando wa ndani wa kibofu: kazi yake ni kuzuia mkojo usipenye kurudi mwilini, na molekuli ya sumu hii ni kubwa, haipiti. Taiwan waliifungasha ndani ya liposomu, vitone vidogo vya mafuta, wakaimimina kwa katheta, yaani ule mpira wa mkojo. Safari za chooni zilipungua kwa kiasi, na mkojo haukugoma kutoka. Iran waliisukuma kwa umeme mdogo kwa watoto wenye mgongo wazi, bila kuwalaza usingizi. Hiyo natamani sana ifike kwa watoto wetu.

Ila sifa kubwa ya kumimina ni kwamba hakuzibi mkojo. Kwa bibi anayetembea, mwenye kibofu cha haraka tu, sifa hiyo ni kila kitu. Hata akichomwa hupewa yuniti 100, na lazima aelezwe mapema kwamba huenda akahitaji mpira kwa muda. Kijana huyu mpira anao tayari. Tunataka kibofu chake kitulie kabisa, akimwage mwenyewe kwa saa alizopanga. Madhara anayoyaogopa bibi, kwake ndiyo tiba. Nikamwambia mama: achomwe.

Alichomwa. Ndani ya wiki mbili shuka zilikuwa kavu. Kabla hajasafiri kwenda kuchomwa nilihakikisha ananawa mikono kwa sabuni na kupitisha katheta mwenyewe mbele yangu, siku tatu mfululizo, kwa sababu bila hilo nisingethubutu kumwandikia rufaa.

Dawa hii huisha nguvu, kwa wengi kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Juzi, mwezi wa nane tangu achomwe, alilowa usiku mara mbili. Mama yake alikuja asubuhi na daftari la saa za mkojo. Nauli ya basi ameshaitenga kwenye fedha za kahawa.