Githeri ya Chundwa

Andiko letu leo ni Luka 10:8. Bwana anawatuma wale sabini waende mji kwa mji, na anawaagiza kwamba wakikaribishwa mahali, wale kile watakachowekewa mbele yao. Ni agizo fupi. Chuo cha Biblia nililisoma, nikaulizwa katika mtihani, nikapita. Kulitii nimekuja kufundishwa hapa Chundwa, na aliyenifundisha ni mama mmoja Mwislamu mwenye sufuria moja.

Wanaonijua wanaujua udhaifu wangu. Napenda kula, na zaidi ya kula napenda kutoa alama. Nikipanda boti Mtangawanda kwenda Lamu, kabla sijafanya lililonipeleka nimeshaketi hotelini. Mkate wa mofa na samaki wa kupaka: nane kwa kumi. Biriani: sita, mchele umeshikana. Mahamri na mbaazi za nazi: tisa, na ile moja niliyopunguza ni kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Nilikuwa nikiyaandika haya kwenye kikundi cha WhatsApp cha ushirika wetu. Watu wanacheka, na mimi nikaanza kudhani nina karama.

Ushirika wetu hapa ni mdogo: walimu na wafanyakazi wachache tuliotoka bara. Chakula cha kwetu tunakitamani. Mama huyu akaona tunavyohangaika, akaanza kupika githeri kibandani pake. Yeye hakuzaliwa katika githeri. Alimwomba mwalimu mmoja wa kike amwelekeze, akajifunza.

Siku ya kwanza nilikwenda na njaa, na ulimi wa hakimu. Akanipakulia sahani, akaniwekea na glasi ya maji. Mahindi magumu, chumvi kali. Nikanywa maji yote, nikalipa, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaandika: "Githeri ya Chundwa, tatu kwa kumi. Mama ametia bahari nzima."

Watu walicheka sana. Kisha wakaacha kwenda.

Baada ya wiki mbili hivi, yule mwalimu aliningoja ibada ilipokwisha. Hakuwa anacheka. "Pasta," akasema, "yule mama hakutia chumvi hata chembe. Ni maji."

Hapa kisiwani Pate hatuna mto. Maji matamu ni ya mvua, tunayoyakinga kwenye jabia. Mvua ikichelewa, jabia hukauka, tukabaki na visima, na maji ya visima vingi yana munyu. Githeri hula maji mengi na huchemka saa nyingi. Maji yanakwenda na mvuke, munyu unabaki chini. Na kwa maji ya namna hiyo hata maharagwe hukawia kuiva. Yule mama alikuwa amebakiwa na ndoo moja tu ya maji ya mvua. Hakuipikia. Aliiweka iwe ya kunywa.

Mpendwa, nilikaa chini. Niliikumbuka ile glasi. Maji yake yalikuwa matamu. Niliyanywa yote bila kusema ahsante, na katika alama zangu tatu sikuyahesabu.

Nikaenda kwake. Kibanda hakikuwa na moto. Nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Niliandika maneno mabaya juu ya chakula chako, na wateja wako wameondoka kwa sababu yangu."

Akanitazama kidogo. "Mimi nilidhani shule zimefungwa mapema," akasema. Halafu akavuta kiti. "Haya, keti, pasta. Leo kuna chai tu."

Chai ile ilikuwa na munyu. Ile ndoo ilikuwa imekwisha. Niliinywa mpaka mwisho, na sijaipa alama hadi leo.

Usiku ule niliandika tena kwenye kikundi, safari hii ukweli wote. Baadhi ya watu walirudi kibandani, wengine hawakurudi. Neno likishatoka kinywani, hata ulifuate mbio, hulirudishi lote.

Nawe uliyetoka bara kama mimi, sikia jambo hili. Githeri tunaiita chakula cha mababu. Lakini mahindi yalianza kulimwa Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na maharagwe haya nayo asili yake ni bara la Amerika. Yalivuka bahari baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo yuko bibi wa bibi zetu aliyeletewa mbegu ngeni, hajui zinaivishwaje, akabandika chungu akajaribu. Sidhani chungu kile cha kwanza kilikuwa kitamu. Angetokea mchungaji wa kumpa tatu kwa kumi, leo tusingekuwa na githeri ya kujivunia.

Sikuambii ukiite kizuri kilicho kibaya. Huo ni uongo. Lakini Mathayo 18:15 inatufundisha kwamba mtu akikukosea, uanze naye, ninyi wawili peke yenu. Kama ndivyo ilivyo kwa aliyekosa, je, kwa mtu aliyejitahidi kukulisha? Mwulize mpishi kabla hujawaambia jirani. Mwulize mkeo, mwulize mama mkwe, mwulize yule kijana aliyehubiri Jumapili ukasema mahubiri hayana chumvi. Na kabla hujatoa alama, tazama pembeni ya sahani. Huenda iko glasi ambayo hujaihesabu.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa midomo yetu. Wabariki wanaotupikia kwa kidogo walicho nacho. Tuletee mvua, jabia za kisiwa hiki zijae, za Wakristo na za Waislamu. Katika jina la Yesu, Amen.

Ubarikiwe. Na ukifika Chundwa, githeri ipo.